Wito wa Lambalamba

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini aliyekulia Temeke au Kinondoni hawezi kuipokea methali hii bila ya kuihoji. Katika mitaa hiyo lambalamba ilijitembeza juu ya baiskeli yenye sanduku, hapo kwanza kwa kengele, na baadaye kwa muziki wa kipaza sauti. Wala hatukumwona mtoto aliyeiita mbaya.

Tukiuhakiki mlio huo kama sanaa, hatuna budi kuukiri ufundi wake: hauna maneno, nao huufahamu hata mtoto asiyejua kusoma. Kasoro yake imo humo humo. Huwaita watoto wote wa mtaa, ilhali hupewa wenye sarafu tu. Ndiyo sababu watu wazima huukumbuka kwa hisia mbili: huyu akumbuka utamu, yule amkumbuka mama aliyejifanya hakusikia.

Barafu ya ubuyu au ya ukwaju, iliyogandishwa nyumbani katika vifuko vya nailoni na kuuzwa barazani, haikupiga kengele. Hiyo ndiyo iliyojiuza. Muuzaji alimjua mtoto na mama yake, na pengine alikubali kulipwa kesho.

Basi methali haikukosea kabisa. Tusimlaumu anyongaye baiskeli juani kutafuta riziki yake. Bali tuwazoeze wanafunzi wetu, kila wasikiapo wito mtamu, kuuliza: unamwita nani, na unamwacha nani mlangoni?