Pointi peke yake haifundishi

Katika masomo mengi mwalimu anarudisha kopi na hesabu moja tu ya wino nyekundu: 9 juu ya 20. Mwanafunzi anaitazama, anakunja kopi, mambo yamekwisha. Kwa kuponya ugonjwa huo, waalimu wengine wanatumia karatasi ya vipimo: mawazo 5, mupango 5, lugha 5, usafi 5. Je, dawa hiyo inaponya kweli?

Tusifu kwanza lililo jema. Vipimo vinazuia upendeleo: mutoto wa rafiki na mutoto wa mugeni wanawekwa juu ya mizani moja. Tangu mwaka 1967 inchi yetu ina Exetat, mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Disertasio yake inasahihishwa na mutu asiyemujua mwenye kuiandika. Bila kipimo kimoja kwa wote, haki ingekuwa bahati tu.

Lakini tuangalie vizuri. Tuseme watoto wawili wa Kamina wanaandika juu ya gare, pale zinapokutana njia za reli za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Wa kwanza anarudilia maneno ya mwalimu bila kosa. Wa pili anaeleza namna mama yake anavyongojea treni na mifuko yake ya unga. Mawazo ni yake mwenyewe, lakini Kifaransa chake kinachechemea. Mwalimu anamukata pointi katika lugha; tena katika usafi, sababu amefutafuta; tena katika mupango, sababu sentensi hazieleweki. Kosa moja limelipwa mara tatu. Na wa kwanza, hakuna mustari unaomuuliza kama amefikiri. Karatasi imepima kilicho rahisi kuhesabu.

Ratio Studiorum ya Wayezuiti, ya mwaka 1599, inataka maandiko yasahihishwe kwa kawaida na kila mwanafunzi peke yake, kwa sauti ya chini. Basi, kusahihisha ni kuzungumza.

Mutu atajibu: tangu masomo ya musingi ya serikali yalipoachwa bila malipo mwaka 2019, kalasi zimejaa, nani atazungumza na wote? Ni kweli. Tuanze basi na kidogo. Tuwasomee wanafunzi vipimo mbele ya kazi. Kila kosa lihesabiwe pahali pamoja tu. Chini ya pointi tuandike mistari miwili: mumoja wa lililo jema, mumoja wa lile la kutengeneza; naye aandike tena sehemu ile.

Ninyi ndugu mutakaopewa kesho masomo ya kuongoza, jaribuni kwanza na kopi kumi.