Ufundi wa Kutafuta Kilichopo

Kuunda mazingira pepe mapya ya Python ni kazi ya amri moja tu, na urahisi huo ndio unaoijaza diski folda zisizo na mwenyewe: venv hapa, env pale, .venv kule iliyojificha nyuma ya nukta yake. Mimi nawasifu wanaotafuta kwanza.

Mtafutaji stadi hahangaiki na jina la folda, maana kila muundaji huchagua lake. Yeye husaka faili dogo liitwalo pyvenv.cfg. Tangu Python 3.3, iliyotoka mwaka 2012, moduli ya venv huliweka kwenye mzizi wa kila mazingira inayoyaunda, hivyo amri find ~ -name pyvenv.cfg huyafichua hata yaliyosahauliwa. Kwa Conda, ambayo ina utaratibu wake, huuliza conda env list. Akilifungua faili lile hukuta mistari michache: Python mama iko wapi, ni toleo gani, na kama maktaba za mfumo zinaruhusiwa kuingia. Nasaba nzima imo humo.

Kisha huyawasha mazingira hayo: source .venv/bin/activate kwenye Linux na macOS, au .venv\Scripts\activate kwenye Windows. Uzuri wa kazi umo hapa, kwa kuwa hakuna kinachosakinishwa. Hati hiyo ya activate huitanguliza folda ya bin (Scripts kwenye Windows) kwenye PATH, ili ukiandika python ikutwe ile ya mazingira kabla ya nyingine yoyote, na huihifadhi PATH ya zamani ili deactivate iirudishe. Neno source nalo lina sababu: hati ikiendeshwa kama programu ya kawaida hubadili mambo yake yenyewe, ikimaliza huondoka nayo, na terminali hubaki ilivyokuwa.

Aliyelielewa hilo anaweza hata asiwashe chochote. Huita .venv/bin/python moja kwa moja, nayo hulitazama pyvenv.cfg folda moja juu yake na kuzijua maktaba zake. Kwa kazi za cron, njia hii ndiyo safi zaidi.

Tena hayahamishi mazingira ovyo, kwa sababu hati nyingi za bin zimeandikwa njia kamili ya mahali zilipozaliwa. Akikuta Python mama imekwisha kuondolewa, hufuta folda na kujenga upya kutoka requirements.txt. Kufuta nako ni ustadi, ila humfaa aliyekwisha kuangalia.