Kijipicha au Picha ya Jalada?

Neno kijipicha limekwisha kuenea katika tafsiri za programu kwa maana ya picha ndogo inayowakilisha video kabla haijafunguliwa. Kisarufi tungalitazamia kipicha, kama ngoma izaavyo kigoma na ndege kidege. Kwani ji huhitajiwa hasa pale shina lilipo la silabi moja (mto, kijito) au jina lilipo na ki tayari (kitabu, kijitabu). Lakini neno limeshika mizizi, nasi hatukusudii kuling'oa.

Hoja yetu ni ya maana. Kijipicha hutaja udogo tu, kama Waingereza walivyokopa ukucha wa kidole gumba. Udogo huo si wa kupuuzwa. Picha ya video ya YouTube mtengenezaji huiona kwa upana wote mezani pake, ilhali mtazamaji huiona simuni ikiwa imepungua mno. Tuchukue mfano wa video ihusuyo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe. Mtengenezaji hupachika miti, popo wa mapangoni, ramani, uso wake mwenyewe na sentensi ya maneno kumi. Simuni hakisomeki kitu. Na pembe ya chini kulia, alipoweka nembo yake, hufunikwa na tarakimu za muda wa video. Popo mmoja na maneno mawili matatu yangalitosha.

Lakini liko kosa ambalo udogo hauligusi. Akiweka chui ili watu wabofye, na ndani ya video chui asionekane, picha ni ndogo ila uongo si mdogo. Hapa lugha ya mitaani imetutangulia: husikika kava, neno la kaseti, na kava huahidi kilichomo. Twapendekeza kijipicha libaki kwa picha yoyote iliyopunguzwa, kama zile za orodha ya mafaili, na iliyobuniwa kutangaza video iitwe picha ya jalada. (Jalada peke yake halifai, watumishi wa ofisi watadhani twaomba faili.) Mwalimu wa Minaki anayetia somo lake mtandaoni, akiambiwa atengeneze kijipicha, atapunguza picha yoyote aliyonayo. Akiambiwa picha ya jalada, atajiuliza kwanza somo lenyewe lina nini.