Kabla Hujanunua Betri

Makanika husifiwa kwa nguo zake. Akitoka chini ya Fuso ameloa oili hadi kwenye kope, kila mtu huona kwamba amefanya kazi, na bei yake haibishaniwi sana. Fundi umeme hana bahati hiyo. Huinama kwenye boneti na mita yake, huuliza maswali mawili matatu, hugusa waya huu na ule, na mara nyingi huondoka na mikono misafi. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, hasa wa Handeni na Korogwe, kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi wake haionekani: ni kujua kipi hakijaharibika.

Kazi hazimpungukii. Segera, iliyomo Handeni, ndipo barabara itokayo Chalinze inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Tanga na mwingine ukipanda Korogwe, Mombo, Same hadi Moshi. Gari lililoondoka Dar es Salaam alfajiri hufika hapo injini ikiwa ya moto. Dereva anazima ili abiria wanunue machungwa, anarudi, anazungusha ufunguo, kimya. Zipo pia Canter zinazobeba mahindi kutoka vijiji vya ndani vya Handeni, ambako mashimo hulegeza nati na kukata nyuzi za nyaya taratibu bila dereva kujua. Na wapo panya. Gari likilala karibu na ghala la mahindi, asubuhi unaweza kukuta waya umetafunwa hadi shaba inaonekana.

Fundi mzuri hagusi kitu kabla hajauliza: "Ulisikia nini?" Wengi hatuna jibu, maana tulikuwa tunalaani. Lakini sauti ndiyo ushahidi wa kwanza. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isishike, betri haina kosa. Atafute mafuta, plagi, koili, au fyuzi ya pampu. Ikilia tik-tik-tik ya haraka, betri imechoka au terminali zimelegea. Tik moja nzito humwambia kwamba umeme umefika kwenye solenoidi ya stata, ila nguvu ya kuzungusha haipo. Kimya kabisa humpeleka kwenye swichi, rilei na fyuzi, au kwenye gia, kwa kuwa gari la otomatiki halipigi stata lisipokuwa kwenye P au N. Fundi mwungwana huisogeza gia bila kumcheka mtu.

Nilimtazama mmoja Korogwe akishughulikia gari lililokwisha kununuliwa betri mpya. Taa zake zilikuwa zinawaka vizuri na honi ilikuwa inalia, lakini stata ilitoa tik moja na kunyamaza. Mita ilionyesha volti 12.6, yaani betri imejaa. Waliozunguka wakaamua kwa kauli moja kwamba stata imekufa, na mmoja akaanza kutaja duka. Fundi akaweka ncha moja ya mita kwenye terminali hasi, ya pili kwenye chuma cha injini, akamwambia mwenye gari, "Kaka, piga stata." Mita ikapanda hadi karibu volti 5. Hapo ilitakiwa isome chini ya nusu volti.

Sababu iko kwenye kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, volti ni ampea mara ohm, ambayo wengi tuliikariri sekondari kwa ajili ya mtihani. Kutu kidogo chini ya nati, pale waya mnene wa ethi unapofungwa kwenye bodi, inaweza kuleta ukinzani wa 0.05 ohm. Taa mbili za mbele zinavuta ampea 9 hivi, kwa hiyo zinapoteza karibu nusu volti, na jicho halioni tofauti. Stata inapovuta ampea 100, kutu hiyohiyo inakula volti 5. Bomba lililojaa kutu hukupa maji ya kunawa mikono, ila halijazi pipa. Ndiyo maana kupima betri gari likiwa limetulia ni nusu ya kupima. Fundi anataka kuuona umeme ukiwa kazini. Akafungua nati, akapiga msasa, akapaka grisi, akakaza. Gari likawaka mara moja.

Kuna njia za mkato, nami sizidharau. Ukiigonga stata kwa spana huku mwenzako akizungusha ufunguo, mara nyingi itazunguka, kwa sababu kaboni zake zilizolika hugusa tena. Hiyo ni tiketi ya kufika gereji, si matibabu. Kushtua betri kutoka gari jingine nako kunasaidia, lakini hakukuambii kwa nini iliisha: kama alteneta haitoi volti 14 hivi injini ikiwa inanguruma, kesho utaomba msaada tena.

Stata yenyewe si ya zamani sana. Charles Kettering aliiingiza kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na kabla ya hapo watu walizungusha hendeli. Leo vijana wana mashine za kusoma kompyuta ya gari, na ni jambo jema. Ila volti zikishuka, kompyuta hulalamikia vitu kumi kwa mpigo, na asiyejua kupima huishia kununua vyote kumi. Wenye magari tunachangia kosa hilo. Tunalipa kwa furaha kitu kilicho ndani ya boksi, halafu tunavutana na mtu aliyetuokoa tusikinunue.

Basi gari lako likigoma Mkata au Kabuku, usimpigie fundi umwambie betri imekufa. Mwambie ulichosikia, taa za dashibodi zilifanya nini ulipozungusha ufunguo, na nani aligusa nini jana. Akimaliza kwa dakika chache bila kukuuzia chochote, usimpunje hata shilingi.