Kitabu Kisichotulia: Juu ya Matoleo ya Dijitali ya Vitabu vya Kanuni za Dungeons & Dragons

Mhakiki wa maandishi huanza kazi yake kwa swali linaloonekana dogo: ni nakala ipi inayosomwa? Wenzetu wanaoshughulikia tendi za pwani wamelizoea swali hili, kwani miswada ya utendi mmoja aghalabu hutofautiana kwa maneno, kwa beti, na hata kwa mpangilio. Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo hilo juu ya aina ya kitabu isiyozoeleka katika kurasa za jarida kama hili, nayo ni kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani. Tutajifunga kwenye mchezo mmoja wa Kimarekani, Dungeons & Dragons, kwa kuwa historia ya maandishi yake yafahamika vyema kuliko ya mingine.

Kwa ajili ya msomaji asiyeujua, mchezo wenyewe ni hivi. Watu wachache huketi pamoja. Mmoja wao ni msimamizi, naye husimulia mahali, mazimwi na hatari. Wengine kila mmoja hujitwalia mhusika na kusema atendalo. Penye shaka, dadu hurushwa. Kitabu basi si hadithi. Ni sarufi ya hadithi ambazo bado hazijasimuliwa. Utungo halisi huzaliwa mezani kwa mdomo, na aghalabu hufia hapo hapo. Mtafiti anayetaka kujua watu wa mwaka fulani walicheza nini hana budi kukitegemea kitabu walichokuwa nacho mkononi, na kwa sababu hiyo uthabiti wa kitabu hicho ni jambo zito kuliko linavyodhaniwa.

Isidhaniwe kwamba zamani kitabu kilikuwa kimetulia. Vijitabu 3 vya kwanza, vilivyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974 katika sanduku moja, vilitaja viumbe waliobuniwa na Tolkien. Baada ya malalamiko ya kisheria majina hayo yaliondolewa katika michapo ya baadaye, na hobiti akageuka kuwa kiumbe yule yule mwenye jina jingine. Kitabu cha miungu, Deities & Demigods cha mwaka 1980, kilianza na kurasa 144; sura 2 zilipotolewa kwa sababu za hakimiliki, zikabaki 128. Walakini mabadiliko haya yote yaliacha alama. Nakala za kwanza zingalipo katika rafu za watu. Yeyote atakayezipanga nakala 2 juu ya meza moja atahesabu kurasa na kuona mkasi ulipopita.

Toleo la dijitali la aina ya kwanza, yaani faili ya PDF, halikuiharibu hali hii. Faili hiyo ni picha ya kitabu: ina ukurasa, ina namba ya ukurasa, na mwenye kuinunua huiweka kwake. Ila ya biashara hiyo ilikuwa kwingine. Mwezi wa Aprili 2009 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua kampuni ya awali mwaka 1997, iliondoa sokoni faili zake zote kwa hoja ya kupambana na uharamia. Hazikurudi hadi Januari 2013. Hoja hiyo haitushawishi hata kidogo. Waliokwisha kuiba walibaki na walichoiba, na aliyenyimwa ni yule aliyekuwa tayari kulipa.

Aina ya pili ndiyo inayotutia wasiwasi. Mwaka 2017 ulianzishwa mtambo uitwao D&D Beyond, ambao mwaka 2022 ulinunuliwa na Hasbro, kampuni mama ya Wizards of the Coast, kwa dola milioni 146.3. Humo kitabu hakikuigwa, kimevunjwavunjwa. Kila kanuni, kila zimwi na kila tendo la uchawi limekuwa ingizo la peke yake, limeunganishwa na maingizo mengine na kuingia lenyewe katika karatasi ya mhusika. Kwa mchezaji aliye katikati ya mchezo hii ni nafuu kubwa, nasi hatuibezi. Tunalolihoji ni hili: mnunuzi hapati nakala, hupata ruhusa ya kusoma. Maandishi hukaa kwa mchapishaji, na mchapishaji akibadili neno moja, hubadilika kwa wasomaji wote kwa mara moja.

Tuangalie kisa cha hadozee. Mwezi wa Agosti 2022 lilitoka sanduku la vitabu liitwalo Spelljammer: Adventures in Space. Miongoni mwa makabila ya wahusika walikuwamo hadozee, viumbe wanaofanana na nyani. Maandishi yaliwapa asili hii: walikuwa wanyama tu, mchawi mmoja akawanywesha dawa iliyowapa akili, akikusudia kuwauza kama askari, kisha wanafunzi wa mchawi huyo wakasaidia kuwakomboa. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa harufu inayotoka hapa. Kiumbe mfano wa nyani, utumwa, akili aliyotunukiwa na bwana, uhuru aliosaidiwa kuupata na watu wa nyumba ya bwana huyo huyo: ni ngano ya ukoloni iliyovikwa mavazi ya angani. Wasomaji walipiga kelele. Mwanzoni mwa Septemba mchapishaji akaomba radhi, na masimulizi hayo yakaondolewa katika toleo la dijitali.

Hukumu yetu ni kwamba kuondoa kulikuwa sawa, na jinsi ya kuondoa haikuwa sawa. Mchezaji mpya hana haja ya kupokea tusi kama sehemu ya kanuni. Lakini mhakiki atakayetaka kuonyesha kwamba mwaka 2022, miaka 48 baada ya vijitabu vya kwanza, maandishi ya namna hii yalipita mikononi mwa wahariri bila kuzuiwa, atakuta nini mahali pale? Atakuta ukurasa safi. Ushahidi umebaki katika karatasi peke yake, kwa wale walionunua sanduku mapema. Mchapishaji ameondolewa aibu pamoja na kosa. Kwa mtazamo wetu, maandishi yaliyofutwa yangehifadhiwa mahali pa kando, na tarehe ya kuondolewa kwake, kama mhariri mwangalifu anavyoziweka chini ya ukurasa tofauti za miswada. Kwa mtambo wa kompyuta kazi hiyo ni nyepesi mno. Kinachokosekana ni nia. Mwezi wa Desemba 2021, vifungu kadhaa vya Volo's Guide to Monsters cha mwaka 2016 vilipoondolewa, ilitolewa angalau orodha ya masahihisho. Hiyo ni afadhali, ingawa orodha hutaja kilichoondoka bila kukihifadhi.

Mwezi wa Agosti 2024 wasomaji walitangaziwa kwamba katika karatasi zao za wahusika, uchawi wa kanuni za mwaka 2014 ungepishwa na ule wa mwaka 2024. Walipinga, na kwa muda wa siku chache uamuzi ukatenguliwa. Yawezekana kuona hapo ushindi. Sisi twaona kwamba mwenye uwezo wa kutengua angali na uwezo wa kutenda.

Lipo toleo moja la dijitali lililo huru kweli. Mnamo tarehe 27 Januari 2023, baada ya mzozo mkali juu ya leseni, kiini cha kanuni kiliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, na ruhusa hiyo haiwezi kuondolewa tena. Yeyote aweza kukinakili, kukihifadhi maktabani na kukitafsiri, mradi amtaje mwenyewe. Lakini hili ni andiko la ajabu, kwa maana limenyofolewa majina. Katika kitabu kamili, mkono wa kichawi ni mkono wa Bigby, na kicheko kiangushacho mtu ni cha Tasha. Hapa ni mkono tu, ni kicheko tu. Majina ni mali ya kampuni, kanuni ni za wote. Mtafsiri wa Kiswahili atakayelishika andiko hili ataanza na mifupa mitupu, na itamlazimu kuchagua: amwache mchawi bila jina kama alivyomkuta, au atafute majina kwingine, katika ngano zetu zenye majini na mazimwi yasiyomilikiwa na kampuni yoyote. Sisi tungependa kuisoma tafsiri ya aina hii ya pili, na tungependa iwe na namba za kurasa.