Damu, Mbu na Mimbari: Kuyasoma Upya Makala ya Allison ya Mwaka 1954

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi fundisho la mageuko ya viumbe limeingia kanisani kwetu likiwa limeshikana mkono na nyani. Mwanafunzi wa kipaimara hutoka shuleni na kitabu chake cha historia, akauliza kama ni kweli binadamu alitokana na nyani. Nasi watumishi wa Neno humjibu upesi, ama kwa kemeo, ama kwa ushauri huu: "Andika hivyo kwenye mtihani, lakini usiamini." Ushauri huo tumeutoa sisi wenyewe, tena zaidi ya mara moja. Leo tunaona haya kuukumbuka, kwa kuwa ulimfundisha kijana kusema asiloliamini kwa idhini ya Kanisa.

Kilichotufanya tulitazame jambo hili upya ni mazishi ya mtoto katika pande za Miono, wilayani Bagamoyo. Alikuwa mtoto wa pili wa mama mmoja kufa kwa selimundu. Ndugu wa mume walinong'ona kwamba mkosi umekuja na mwanamke. Wengine walitaja majirani. Baada ya mazishi mama alitujia akauliza, "Baba Mchungaji, kwa nini wangu wawili wamekufa, na huyu wa tatu, wa tumbo lilelile, ni mzima?" Tulimjibu kwa maneno ya Ayubu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakuwa jibu la swali lake. Yeye aliuliza juu ya urithi, nasi tulijibu juu ya subira.

Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maandishi mafupi ya mganga Anthony Allison yaliyotolewa Februari 1954 katika British Medical Journal. Tunadai kwamba kwa wachungaji wa Afrika ya Mashariki, mlango sahihi wa kuingilia katika fundisho la mageuko ni damu ya watoto wetu wenyewe, wala si nyani. Hata hivyo tunadai pia kwamba maandishi hayo yana upungufu ambao theolojia haina budi kuutaja.

2. Maandishi yenyewe yanasema nini

Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Aliona jambo la kushangaza: karibu na pwani na kando ya Ziwa Victoria, wenye dalili ya selimundu katika damu walizidi mtu mmoja kati ya watano mahali pengi, lakini katika nyanda za juu na sehemu kavu walikuwa wachache mno. Aliyeichora ramani ya dalili hiyo alijikuta anachora pia ramani ya mbu wa malaria.

Ili msomaji afuate hoja, yafaa tueleze urithi wenyewe. Kila mtu hupokea kwa baba jeni moja, na kwa mama jeni moja, ya kutengeneza sehemu ya kiini chekundu cha damu kibebacho hewa. Badiliko dogo sana katika jeni hiyo, la herufi moja tu katika maandishi marefu ya urithi, huzaa kiini cha namna nyingine. Aliyepokea jeni iliyobadilika kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi bila ugonjwa, huitwa mbebaji. Aliyeipokea kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu hujikunja mfano wa mundu, na ndiyo asili ya jina selimundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo na kufa mapema, zikileta maumivu makali na upungufu wa damu.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kuzaa mbebaji, na nafasi moja ya kuzaa mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Mimba iliyopita haibadili nafasi ya ijayo. Hilo ndilo jibu ambalo mama wa Miono alistahili kupewa. Jeni haikuja na mwanamke peke yake. Baba naye aliileta, na hakuna kati yao aliyekosa.

Sasa fumbo. Ikiwa wagonjwa wengi zamani walikufa kabla ya kuzaa, mbona jeni hiyo haikutoweka? Allison alijibu kwamba mbebaji hukingwa na malaria. Alipima watoto Waganda 290. Kati ya wabebaji 43, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 27.9; kati ya wasio wabebaji 247, waliokuwa navyo ni 113, yaani asilimia 45.7. Palipo na malaria nyingi, mbebaji huelekea zaidi kukua na kuzaa; hivyo jeni hubaki, na pamoja nayo hubaki ugonjwa. Huo ndio uteuzi wa asili: tofauti zirithiwazo, mazingira yanayochuja, na vizazi vinavyobeba matokeo. Wala hauhitaji mamilioni ya miaka ili uonekane. Waonekana katika wodi ya watoto.

3. Nguvu ya maandishi hayo

Sifa ya kwanza ya Allison ni kwamba aliunganisha mambo yaliyokuwa yametengana: kabila, mahali, mbu na damu. Sifa ya pili ni kwamba kazi yake huvunja majivuno. Wengi wamelitumia fundisho la mageuko kusema kwamba wenye nguvu ni bora na wanyonge wastahili kupotea. Selimundu hukanusha neno hilo. Jeni ileile iliyo kinga pwani ya Bagamoyo haimpi mchukuzi wake faida hiyo katika mji usio na malaria, na mtoto mwenye jeni mbili huiona kuwa mauti popote asipopata tiba. Basi kufaa si ubora wa nafsi. Ni uhusiano wa kiumbe na mahali pake kwa wakati wake.

Kuhusu nyani, yatosha kusema hivi: elimu ya viumbe haifundishi kwamba nyani wa leo alimzaa mtu, bali kwamba yeye na sisi tuna wazee wa kale tulioshirikiana. Aliyeielewa damu yake mwenyewe atalisikia neno hilo bila hofu kubwa.

4. Upungufu wake

Upungufu wa kwanza ni wa ushahidi. Mbali na watoto, Allison alifanya jaribio kwa wanaume Wajaluo 30, nusu yao wabebaji. Waliambukizwa malaria makusudi. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walipata vimelea. Kati ya wabebaji 15, wawili tu. Idadi ni ndogo, na mwaka 1955 watafiti wa Marekani waliofanya jaribio la namna hiyo hawakuona tofauti ile. Hoja ilithibitika baadaye kwa uchunguzi mkubwa zaidi wa watoto, hasa Kilifi, pwani ya Kenya, ambako wabebaji walionekana kukingwa na malaria kali kwa kadiri ya asilimia 90. Allison alikuwa sahihi. Lakini nguvu ya hoja yake ilikuwa kwa watoto, kuliko kwa wale wanaume.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Wanaume hao wanaitwa watu waliojitolea. Ila Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Mwafrika aliyeombwa damu na Mzungu katika siku hizo alikuwa huru kiasi gani kukataa? Maandishi yanatupa hesabu ya vimelea vyao, lakini sauti zao hatuzisikii. Hatusemi kwamba walilazimishwa; twasema kwamba swali hilo lilipaswa kuulizwa. Majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria RTS,S yalipoanza Bagamoyo Mei 2009, idhini ya wazazi ilikuwa sharti. Kanisa lipokee maendeleo hayo kwa shukrani, na kuyalinda.

Upungufu wa tatu si kosa la mwanasayansi, bali ni hatari kwa mhubiri. Mtu akisoma kwamba jeni moja huokoa wengi na kuua wachache, atajaribiwa kupanda mimbarani na kusema, "Mungu alipanga hivyo kwa busara." Hapo tungemfanya mtoto wa Miono kuwa bei iliyolipwa kwa ajili ya jirani zake. Uteuzi wa asili hueleza jinsi jeni ilivyobaki. Hausemi kwamba ni vema ibaki. Luther, katika mabishano ya Heidelberg ya mwaka 1518, alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake. Basi kifo cha mtoto tukiite kifo. Bwana wetu alipoulizwa juu ya kipofu wa Yohana 9, alikataa hesabu ya dhambi za wazazi, kisha akatema mate, akafanya tope, akaponya. Hakuacha maelezo yachukue mahali pa tendo.

5. Wajibu wa mchungaji

Watoto wanaozaliwa na selimundu nchini Tanzania hukadiriwa kuzidi 10,000 kila mwaka. Mchungaji hawezi kukaa mbali na hesabu hiyo. Katika mafundisho ya ndoa awaeleze wachumba maana ya kupima damu, bila kulifanya tokeo kuwa hukumu wala kulitangaza. Awahimize wazazi kumpima mtoto mapema, kwa kuwa tiba ipo, na dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu ya wengi. Na penye mazishi asimame mbele ya ukoo na kusema wazi kwamba hakuna mkosi wala mchawi, na kwamba jeni ilitoka pande zote mbili.

6. Hitimisho

Tulipomkiri Mungu kuwa Muumba, katika ibara ya kwanza ya Imani, hatukukiri kwamba tunajua njia zote alizotumia. Maandishi ya Allison yanatuonyesha sehemu ya njia moja, pamoja na jeraha lililomo ndani yake. Mwanafunzi wa kipaimara sasa tunamwambia, "Andika kwenye mtihani unachokielewa, kisha njoo tukizungumze." Mama yule tulirudi kwake baada ya miezi mingi. Tulichora duara nne ardhini kwa kijiti, tukamweleza. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akamwita mumewe aje azione.