Mzee Ndani ya Barua

Wenzangu wa kalamu, nianze kwa kuungama. Juzi juzi nilikaribia kuchoma daftari. Ni lile la hadithi nilizoandika nikiwa sekondari, mapenzi na mvua na machozi kila ukurasa. Mkaa ulishakolea jikoni, daftari liko mkononi. Kilichonizuia si busara, maana sina. Ni picha ya mzee mmoja wa Kijapani.

Mzee huyo ni Hokusai. Jina labda hulijui, lakini kazi yake umeiona: lile wimbi kubwa la bluu, limetanua makucha juu ya mashua, na Mlima Fuji unaonekana kadogo kule nyuma. Siku hizi liko kwenye fulana, vikombe, hadi makava ya simu. Alilitoa mwaka 1831 hivi, akiwa ameshavuka miaka 70. Umri huo ushike, tutaurudia.

Picha ninayoisema mimi haina bluu wala wimbi. Ni wino mweusi tu, tena imo ndani ya barua. Mwaka 1842 Hokusai alimpelekea mchapishaji michoro yake ya zamani, aliyoichora akiwa na miaka 41 au 42. Sasa alikuwa na 83, kwa hesabu ya Wajapani wa wakati ule, ambao mtoto akizaliwa tu tayari ana mwaka 1. Katika barua anasema, kwa maana yake, kwamba mingine si mibaya sana, lakini mingine ni kazi changa, bwana acheke tu. Na hapo hapo kwenye karatasi akajichora. Uso umejaa mikunjo, nguo ni mistari michache ya brashi, kama mtu aliyeambiwa mpeleka barua anasubiri mlangoni. Leo barua hiyo imehifadhiwa katika makumbusho mjini Leiden, Uholanzi.

Wengi wakiiona husema: tazama unyenyekevu wa mzee! Mimi nakataa. Mnyenyekevu angeandika samahani, akakunja karatasi, basi. Huyu anasema kazi ile ilikuwa changa, halafu anakuwekea sura yake mbele ya macho. Ni kama seremala anayekuuzia stuli ya zamani huku akisema, "Hii nilikuwa najifunza, ila fundi mwenyewe ndiye huyu." Hayo ni majivuno, tena ya haki kabisa. Mtu wa miaka 41 kwetu sisi ni mtu mzima, ana watoto, anadaiwa ada. Yeye anamwita mwanafunzi!

Isitoshe, mzee alijua biashara. Mwaka 1817 mjini Nagoya alimchora Daruma, mtawa mkuu wa Kibuddha, kwenye karatasi kubwa kama kiwanja, hadharani, umati unashangaa. Mtu wa namna hiyo hajichori kwa bahati mbaya. Na katika kitabu chake cha picha 100 za Mlima Fuji, kilichoanza kutoka mwaka 1834, aliandika kwamba yote aliyoyachora kabla ya miaka 70 si ya kuhesabiwa, kwamba akiwa na 73 ndipo alianza kuelewa kidogo, na akifika 110 kila nukta yake itakuwa hai. Mia na kumi, jamani! Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema huyu ananichezea shere. Bado nadhani nusu yake ni mbwembwe za kuuza kitabu.

Nusu nyingine ndiyo inayonisumbua. Mwaka 1839 nyumba yake iliungua, na michoro mingi aliyokuwa ameihifadhi ikateketea. Miaka mitatu baadaye ndipo anaandika barua hii. Mtu ambaye moto umeshamnyang'anya lundo la kazi anayatazama makaratasi yaliyobaki, anaona makosa yake yote, na wala hayatupi. Anayatia kwenye safari na kusema cheka. Karibu kipindi hicho hicho alikuwa akichora simba karibu kila asubuhi, kama kinga ya kufukuza mikosi. Kila siku simba! Kwa hiyo uso ule ndani ya barua sioni kama ni wa mzee anayeaga. Namwona mtu aliyetolewa mezani kidogo tu, na anataka kurudi. Alifariki mwaka 1849.

Nina lawama moja. Binti yake, Ōi, naye mchoraji hodari, ndiye aliyeishi naye na kufanya kazi naye katika uzee huo. Mzee akajichora peke yake. Ningempa mistari miwili tu ya brashi yule dada.

Basi daftari langu halikuungua. Jumamosi nilikwenda nalo kwenye kikao chetu cha waandishi, nikasoma hadithi ya kwanza, ya msichana na mvua. Nilitangulia kuwaambia niliandika nikiwa na miaka 16, mkitaka kucheka chekeni. Wakacheka kweli, mmoja hadi akatoka nje. Nami nikacheka. Lakini kuna sentensi moja mle, ya kondakta anayehesabu chenji gizani kwa ncha za vidole, bila kutazama. Hapo walinyamaza, na dada mmoja akaniomba niirudie.